Siku za Msiba, Msifu Mungu kwa Rejareja

Ilikuwa wiki ya tano tangu tumzike baba Atu. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu alibisha hodi jioni, nje kukiwa na yale manyunyu ya Tukuyu yasiyo na haraka ya kwenda popote. Akatundika koti nyuma ya mlango, akakaa, akanywa chai kikombe kizima bila kusema neno la maana. Kisha akakohoa.

"Mama Atu, pole tena na majukumu. Wazee tulikuwa tunauliza, ibada ya shukrani tuiweke lini?"

Kwetu hilo si swali geni. Watu wakishazika, matanga yakishaanuliwa na ndugu wa mbali wakisharudi makwao, familia hupanga Jumapili moja ya kusimama mbele ya ushirika, bahasha ya sadaka mkononi, na kumshukuru Mungu. Mimi mwenyewe nilishasimama pale mara mbili, kwa baba yangu na kwa shangazi, nikasema yale yanayosemwa, nikaketi. Safari hii ulimi ulikataa. Nilimjibu mzee kwa namna ambayo nikiikumbuka naona aibu kidogo. Kidogo tu.

"Shukrani ya nini, mzee wangu? Ya presha iliyomwangusha akiwa anashona magunia ya viazi?"

Hakukasirika wala hakunihubiria. Alitazama ndani ya kikombe kitupu, akasema, "Basi tutangoja, mama. Kanisa halihami." Akachukua koti lake akaenda.

Nayaandika haya kwa sababu wajane wenzangu, na hata wanaume waliofiwa na wake zao, wamekuwa wakiniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: niliwezaje kumsifu Mungu wakati ule? Jibu fupi ni kwamba kwa muda sikuweza. Jibu refu linahusu sufuria.

Ila kabla ya sufuria niyaseme ya msibani. Kwa siku nne za turubai nilisikia "kazi ya Mungu haina makosa" mara nyingi kuliko nilivyosikia jina la marehemu. Nikasikia "tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi". Shoga yangu mmoja, tena kwa nia njema kabisa, alinishika bega akaninong'oneza nisilie sana nisije nikamkufuru Mungu. Na karibu kila aliyeshika kipaza sauti alinipa Ayubu: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe.

Basi nilipopata nafasi nikaenda kumsoma huyo Ayubu mwenyewe. Maneno hayo yapo, sura ya kwanza mstari wa 21, na aliyasema akiwa amerarua joho lake na kunyoa kichwa. Lakini kitabu kina sura 42. Fika sura ya tatu tu, mtu yule yule anailaani siku aliyozaliwa. Anaendelea hivyo kurasa na kurasa, analalamika, anamdai Mungu majibu. Na wale rafiki zake? Walianza vizuri sana. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Walipofungua midomo kumtetea Mungu ndipo walipoharibu. Mwishoni Mungu mwenyewe anawaambia hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena Ayubu, na anawaagiza wakatoe dhabihu, Ayubu awaombee. Yaani aliyelalamika ndiye aliyepewa haki, waliojifanya mawakili wa Mungu ndio waliotozwa ng'ombe na kondoo. Sehemu hiyo haisomwi msibani. Natamani ingesomwa.

Kwa hiyo, wewe uliyefiwa, la kwanza ni hilo: usikubali kuharakishwa. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu. Inaanza kwa kumuuliza Mungu utanisahau hata lini, inaishia kwa kumwimbia. Wengi wanataka turukie mstari wa sita. Mimi nilikaa kwenye mstari wa kwanza tangu Juni mpaka karibu na Septemba, na sikupigwa radi. Tena iko Zaburi ya 88, ambayo haiishii kwa wimbo wala kwa ahadi. Inaishia gizani, na bado waliokusanya Biblia waliiacha humo ndani. Kama nayo ni sala, basi hata zile zangu za usiku, ambazo nyingine hazikufika "amina", zilikuwa sala.

Fungu lililonikwaza kuliko yote ni lile la 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Nilimwendea nalo mchungaji kama mteja anayerudisha unga wenye wadudu. Akanieleza kitu ambacho kilinisaidia kuliko mahubiri yote ya msiba ule. Hiyo "kwa" yetu, alisema, inabeba mizigo mingi: unamshukuru mtu kwa zawadi, na unasafiri kwa miguu. Katika Kigiriki alichoandika Paulo, neno lililopo pale lina maana ya "katika". Katika kila jambo. Sikuambiwa nishukuru kwa sababu mume wangu amekufa. Biblia hiyo hiyo inakiita kifo adui wa mwisho, na Yesu alipokuwa akienda kwenye kaburi la Lazaro alilia, ingawa alijua anachokwenda kufanya muda mfupi baadaye. Angekuwa anaona kifo ni zawadi, asingelia. Ninachoombwa ni kutafuta la kushukuru humo humo ndani ya jambo, kama mtu anayetafuta kuni wakati wa masika. Kavu zipo, ila lazima uinue mbichi zilizolala juu yake.

Sasa sufuria.

Msiba wowote huacha vyombo visivyo na mwenyewe. Kwangu vilibaki vikombe kama kumi, mwiko, na sufuria moja kubwa ya kupikia wali, ina alama ya rangi nyekundu kitakoni. Ilikaa barazani mpaka mvua ikaijaza na kuku wakawa wanainywea. Siku moja nikaona aibu. Huenda kuna mama anaazima sufuria kwa jirani kwa sababu ya kwake iko kwangu. Nikakumbuka daftari la rambirambi. Labda waliandika nani alileta nini.

Ni kaunta buku ya kawaida, jalada jeusi, kona zimelowa chai. Aliyeandika kurasa nyingi ni kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha pili, waliyemkalisha pale mezani kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Tangu siku tuliposomewa mapato na matumizi sikuwa nimelifungua, na siku ile nilisikia jumla tu. Jumla haina sura ya mtu. Safari hii nilisoma mstari kwa mstari, nimesimama pale pale barazani, sufuria mguuni.

Mama muuza mkaa, 2,000. Walimu shule ya msingi, 35,000. Bodaboda kijiwe cha stendi, 46,500 (wamechanga). Fundi cherehani, 5,000, atamalizia. Maziwa lita 5, hakutaja jina. Kuni mizigo 3, hakutaja jina. Majani ya mgomba ya kukalia, watoto wa Sunday school. Halafu, katikati ya ukurasa wa nne, kwa mwandiko ule ule wa shule: "Bibi wa bondeni, ndizi mkungu 1. Hana hela. Tumempokelea."

Yule bibi namjua. Kutoka kwake mpaka kwangu ni mlima, tena mlima wa Rungwe, ule ambao hata kijana anapumzika mara mbili. Wakati ule tope lilikuwa la kufika kwenye vifundo. Na mkungu haujibebi. Nikajiuliza aliubeba kichwani au mgongoni, na aliondoka saa ngapi ili afike mapema, na kwa nini mimi sikumwona. Nililia pale barazani, lakini kilio kile kilikuwa na ladha nyingine. Mwenye kujua atanielewa. Nikajikuta nimesema, "Asante Bwana kwa mkungu." Sikupanga kusema. Ilikuwa sifa yangu ya kwanza tangu Juni.

Mimi ni muuza duka. Yupo mteja anayekuja na hela ya mfuko mzima wa sukari, na yupo anayekuja na hela ya robo kilo, na mafuta ya kupima. Wa robo hatumfukuzi. Nikagundua kwamba miezi yote ile nilikuwa najaribu kumsifu Mungu kwa jumla. Kule kanisani mtu akisema "Mungu ni mwema", wote wanaitikia "kila wakati", na mimi kila nikijaribu kuitikia nahisi nalipa kwa noti ya bandia. "Kila wakati" ni gunia zima, sikuwa na hela yake. Ila mkungu mmoja niliumudu. Na lita tano za maziwa. Na wale bodaboda, ambao mchana kutwa tunawalalamikia kwa fujo zao za barabarani, kumbe walizungusha kofia kijiweni mpaka ikapatikana 46,500. Ile mia tano ndiyo inayoniua. Kuna mtu alitoa mia tano.

Nikageuza daftari, nikaanza kuandika kwa nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho. Kila jioni nikishafunga duka naandika jambo moja, na nilijiwekea sharti: lazima liwe kama rambirambi, yaani lina mwenyewe au lina kiasi. "Asante kwa uhai" siandiki, si kwamba ni uongo, ila unaweza kuliandika huku umelala. Naandika: mteja aliyekopa mchele kilo mbili amelipa bila kukumbushwa. Nimelala mpaka saa kumi alfajiri. Atu amecheka, mara mbili, ya pili ilikuwa ananicheka mimi. Siku nyingine naandika "leo hakuna", na tarehe. Wanaofanya biashara wanajua kwamba duka lisiloandika siku mbaya linafilisika huku mwenyewe akidhani anapata faida.

Yakaanza kujitokeza makubwa ambayo yalikuwepo muda wote, nimeyapita tu. Siku ya maziko, msemaji wa familia alitangaza kama ilivyo desturi kwamba anayemdai marehemu na anayedaiwa na marehemu waende wakaonane na ndugu. Wote tunajua ni upande upi hujitokeza. Lakini wiki mbili baadaye alikuja kijana kutoka Isyonje na 85,000, akasema ni hela ya viazi ya mume wangu, walikubaliana kwa mdomo. Hakuna mtu duniani aliyejua deni lile zaidi yake. Angeweza kukaa kimya na Mungu wake. Na ukoo ulipokaa kikao, shemeji zangu walinipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi, wakasaini muhtasari, mkubwa wao akanisindikiza mahakama ya mwanzo na nauli akalipa yeye. Nawajua wajane, tena si mbali, walioondoka na nguo za mwilini tu. Hilo liliingia kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Jambo moja sikuliandika kwa sababu nalisema kila siku kwa mdomo. Binti yetu anaitwa Atupele. Kinyakyusa ni "ametupatia". Majina yetu mengi yako hivyo: Ipyana ni neema, Lusajo ni baraka, Lusekelo ni furaha. Baba yake ndiye aliyelichagua. Mwezi wa kwanza wa msiba nilikuwa nashindwa kumwita mtoto jina zima, namwita Atu, namwita mama, namwita "wewe njoo". Ilikuwa kama jina linanibishia. Sijui ni siku gani lilirudi mdomoni, nilishtukia tu nimepaza sauti kutoka jikoni, "Atupeleee, funga kuku!"

Mwishoni mwa Septemba nilimpigia simu mzee wa kanisa, nikamwambia tarehe. Siku ya ibada nilisimama na familia, bahasha mkono mmoja, daftari mkono mwingine. Sikusema kazi ya Mungu haina makosa. Nilisema nimekuja kushukuru kwa vitu nilivyopokea, na vingine wenye navyo mmo humu. Nikasoma. Nilipofika kwa bodaboda watu wakacheka, vijana wawili nyuma wakainamisha vichwa. Nilipofika kwenye mkungu nilishindwa, shemeji akapokea daftari akamalizia. Bibi alikuwa benchi la tatu. Hakusimama, hakupunga mkono. Alisema tu, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, kama vile mimi ndiye niliyempa kitu.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Januari dada yangu aliona nimedhoofika, akanipeleka Kitulo kuona maua. Wenyeji tangu zamani wanapaita Bustani ya Mungu, na serikali ilipafanya hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake. Msimu wa mvua uwanda wote ule, juu zaidi ya mita 2,600, unachanua: njano, nyeupe, zambarau, mpaka macho yanachoka. Dada alitegemea nitasema Haleluya. Nilichosikia ni hasira. Yanachanua ya nini, na mwenzangu yuko udongoni? Nilikaa ndani ya gari nikajifunika khanga. Ndiyo maana simpeleki mfiwa kwenye mandhari nzuri kwa lazima. Wengine huponea huko, sikatai. Mimi mwaka ule uzuri ulinitukana. Jioni niliandika: "Leo hakuna. Dada amelipa mafuta ya gari."

Kuimba nako kulichelewa. Ushauri wangu kwa hili ni mmoja: nenda ukakae katikati ya wanaoimba, ufunge mdomo. Nilikaa na akina mama wa kwaya miezi mitatu bila kutoa sauti, na hawakuniuliza. Sauti zao zilipita juu yangu kama blanketi la mtu mwingine. Ukisikia kiongozi anasema asiyeimba ana pepo la huzuni, badilisha benchi.

Na kama huzuni imegeuka ikawa huli, hulali, unaona afadhali nawe ufe, hapo usiongeze maombi peke yake. Nenda hospitali ukamwambie daktari maneno hayo hayo bila kuyapamba, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani. Mimi nilienda, Februari. Nililiandika nalo.

Pasaka ikafika. Sisi Wamoravian tuna ibada yetu ya alfajiri makaburini, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, ikaja huku na wamisionari waliofika Rungwe 1891. Mnaondoka bado giza, mnatembea kwa tochi za simu, ukungu umekaa kwenye migomba kama moshi wa jikoni. Mume wangu tulimzika nyumbani, si pale, kwa hiyo nilipita kwanza kaburini kwake, nikang'oa magugu mawili matatu kwa mkono, kisha nikawafuata wenzangu. Tulisimama kati ya misalaba, miguu imelowa umande, tarumbeta za ushirika zikaanza, moja imekosea nota kwa sababu ya baridi, mpigaji akafuta mdomo wa chombo kwa shati akaanza upya. Upande wa mashariki ukawa mweupe polepole. Watu wakatangaza kwa sauti kwamba Bwana amefufuka.

Niliitikia. Sauti ilitoka ya kukwaruza, lakini ilitoka, na haikuwa noti ya bandia. Namkumbuka Paulo akisema tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hakusema tusihuzunike. Pale makaburini nilikuwa na vyote viwili, kila kimoja kwenye mkono wake, kama mama anayetoka sokoni.

Wewe unayekwenda kumfariji mtu, peleka kitu kinachoweza kuandikwa. Kuni, maharage, hela kidogo, saa mbili za kuosha vyombo. Maneno ya kumtetea Mungu yaache nyumbani. Halafu rudi baada ya wiki sita, turubai likiwa limeshaondoka, maana hapo ndipo nyumba inakuwa kubwa.

Juzi amefariki baba wa jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Wameniomba nishike daftari, wanasema nina mwandiko mzuri, ingawa sina. Nimenunua kaunta buku mpya na kalamu tatu, kwa sababu msibani mbili lazima zipotee. Safari hii nitaandika na vyombo. Sufuria yenye rangi nyekundu nimeshaitanguliza na Atupele. Huenda mwenyewe akaitambua huko.